Mfunguo Mosi si Mwezi wa Wavivu

Kila mwaka, Idi ikishapita, maneno yale yale huzuka katika maofisi na magodauni ya Mombasa. Mkubwa wa kazi hulalamika kwamba watu wa Pwani hawarudi, wakirudi hawajaamka, wakiamka ni miayo tu na macho mekundu. Fundi aliyeahidi kutengeneza mlango husema "baada ya Idi", na hiyo baada ya Idi haina tarehe. Duka lililozoea kufunguliwa saa mbili lafunguliwa saa nne. Kisha hukumu hutolewa, wala haichukui muda: watu hawa ni wavivu.

Hukumu hiyo nimeisikia tangu ujana wangu na naisikia hadi leo, tena siku hizi haitoki kwa wageni peke yao. Hata sisi wenyewe kwa wenyewe twaambizana. Naona imekaa sana bila ya kuchunguzwa. Sisemi kwamba wavivu hatunao. Wavivu wapo Mombasa kama walivyoko Nairobi na Kisumu. Ninalosema ni kwamba kurudi katika maisha ya kila siku baada ya sikukuu ni kazi yenyewe, yenye saa zake na gharama zake, na kalenda tunayofanyia kazi haikuitengea hata nusu siku.

Na tuanze na mwili. Anayerudi kazini baada ya Idi hurudi kutoka safari mbili. Ya kwanza ni Ramadhani yenyewe, nayo ni safari hata kwa yule asiyetoka nje ya mtaa wake. Kwa siku 29 au 30 mji mzima huugeuza usiku kuwa mchana: futari magharibi, tarawehe baada ya isha, baraza na kahawa tungu mpaka usiku wa manane, usingizi wa kuibia, kisha daku. Watoto nao hawalali, maana wakubwa hawakulala. Mara mwezi waandama, na mpango wote huo wapinduka kwa usiku mmoja.

Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufumbua jinsi saa iliyomo ndani ya viumbe inavyofanya kazi. Saa hiyo ndiyo inayouambia mwili ulale lini, ule lini, uwe macho lini, wala haigeuzwi kwa kidole kama ile ya ukutani. Hukadiriwa kwamba husogea kwa kiasi cha saa moja hivi kwa siku. Basi mtu aliyezoea mwezi mzima kulala saa nane za usiku, ukimtaka alale saa nne ili aamkie kazi, umemtaka asogeze saa yake kwa muda wa saa nne nzima. Huo ni mwendo wa siku nne. Sheria ya nchi humpa siku moja, na siku hiyo ndiyo ya kuswali Idi, kuzuru wazee, kupeana mkono wa Idi na kula pilau.

Safari ya pili ni safari ya kweli. Mombasa ni mji wa watu waliotoka kwingine: Lamu, Pate, Siyu, Faza, Vanga, Wasini, na vijiji vya Kwale na Tana. Sikukuu huwaita kwao. Hebu tuiangalie Idi ya 2024, iliyoangukia Jumatano, tarehe 10 Aprili. Karani wa Mombasa aliyetaka kuswali Idi Amu pamoja na mamake ilimpasa kupanda basi Jumanne, apite Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, ashuke Mokowe, apande mashua avuke. Jumatano aswali. Alhamisi asubuhi atakiwa awe mezani pake Mombasa. Basi hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, uone alibakiwa na nini. Ama hakwenda, ama aliswali na kanzu yake ikaingia mkobani kabla ya adhuhuri. Nawajua walioomba ruhusa ya siku mbili wakaipata, na nawajua walioinyimwa wakaugua ghafla kwa simu. Mimi siwezi kuwasifu hao wa simu, lakini najua ni nani aliyewafundisha.

Tena juu ya hayo kuna jambo la mwezi. Anayeadhimisha Krismasi aijua siku yake tangu mwaka uliopita, naye aweza kukata tikiti ya gari la moshi mapema. Sisi twangoja tangazo la Kadhi Mkuu usiku ule ule, na pengine mtaa mmoja waswali leo na mtaa wa pili kesho, kwa kuwa hawa wafuata mwezi ulioonekana hapa na wale wafuata wa Maka. Sitaki kuingia katika mjadala huo. Wenye elimu wapo. Nataja tu kwamba mwajiri asiyeujua huona mtu aliyeomba siku mbili tofauti kwa Idi moja, akadhani anachezewa.

Majirani zetu Watanzania wameweka siku mbili za mapumziko kwa Idi ya Ramadhani, na kule Unguja sikukuu yaendelea jioni kwa siku nne, watoto viwanjani na nguo zao mpya. Kenya imeitambua Idi-ul-Fitri kuwa sikukuu ya wananchi wote kwa siku moja. Idi ya kuchinja katika sheria ni ya Waislamu, ingawa miaka ya karibuni serikali imekuwa ikiitangaza kuwa ya wote. Nimepata kusikia watu wakidai siku ya pili iongezwe hapa kwetu, na dai hilo si baya. Lakini naona siku ya pili ikija bila ya kufikiriwa, itatumika kama ile ya kwanza: itajazwa wageni mpaka magharibi, na asubuhi ya tatu miayo itakuwa pale pale.

Wazee wetu walilitazama jambo hili kwa namna nyingine kabisa, na ushahidi umo katika majina ya miezi ambayo twayataja kila siku bila ya kuyasikiliza. Mwarabu huuanza mwaka wake kwa Muharram. Mswahili, ingawa afuata mwezi ule ule mmoja wa angani, huihesabu miezi yake tangu kufungua saumu. Shawwal kwake ni Mfunguo Mosi. Hufuata Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa, ndipo zije Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Muharram yenyewe imekuwa Mfunguo Nne tu, na Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Maana yake ni kwamba kwa watu hawa hesabu ya maisha ya kila siku huanza pale mtu anaporudi. Mwezi wa kurudi ndio mwezi wa kwanza. Waliupa jina na wakauweka mbele ya yote, kama mtu anavyoacha ukumbi mbele ya vyumba vya nyumba.

Na ndani ya mwezi huo kulikuwa na utaratibu. Kuna ile funga ya sita, ya sunna, ambayo hadithi yasema kwamba mwenye kuifuatisha na Ramadhani huwa kama aliyefunga mwaka. Fadhila zake nawaachia wanavyuoni. Ninaloliona mimi kwa macho ya kawaida ni kazi yake nyumbani. Bibi zetu wengi waliianza siku ya pili tu ya Idi. Nyumba iliyotoka katika halua na kaimati ikarudi kwenye utulivu kwa siku sita zaidi, lakini bila ya ule mshindo wa Ramadhani: hapana baraza za usiku, hapana ngoma ya daku. Watu walilala mapema. Ilikuwa ni kushuka ngazi kidato kimoja kimoja, badala ya kuruka kutoka orofani.

Vile vile katika adabu za msafiri. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yaieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba akimaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Lakini haraka hiyo nayo imewekewa mipaka. Msafiri alikatazwa kuwagongea watu wake mlango usiku bila ya habari, ili awaachie nafasi ya kujitengeneza. Naye Mtume mwenyewe akirudi safari alianzia msikitini, akaswali rakaa mbili, akakaa watu wamwone, ndipo aende nyumbani. Linganisha na sisi. Basi la usiku latutupa stendi alfajiri, twaoga kwa ndoo moja, saa mbili tuko kazini, na mkoba wa safari uko chini ya meza. Kisha twashangaa kwa nini wiki nzima twajibu simu za watu kwa hasira.

Msije mkadhani natetea tu ya kale. Utafiti wa leo umefika karibu na mlango ule ule. Jessica de Bloom na wenzake wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwafuatilia wafanyakazi kabla ya likizo, wakiwa likizoni na baada ya kurudi. Waliona kwamba afya na furaha ya mtu hupanda upesi likizo ikianza, katika likizo ndefu hufika kileleni yapata siku ya nane, na mtu akishashika kazi hurudi pale pale alipokuwa ndani ya wiki ya kwanza tu. Wiki moja, faida yote imekwisha. Hao ni Waholanzi, wenye likizo za wiki mbili na tatu, wasiojua adha ya mashua ya Mokowe. Sasa mtu wa siku moja ya Idi, aliyekwisha kosa usingizi wa mwezi mzima, hicho kileleni atafika lini? Na sherehe yetu ya zamani, Idi moja na sita zake, jumla ni siku saba. Sisemi kwamba mabibi walifanya utafiti. Nasema waliishi na watu, wakaona.

Nije sasa kwa wale ambao habari zao hazitajwi katika malalamiko ya ofisini. Kwanza ni mama wa nyumba. Likizo ya wengine ni kazi yake yeye, na kurudi kwa wengine ni kazi yake mara mbili. Wageni wameondoka, wameacha mashuka. Nguo za safari zina mchanga na harufu ya dizeli. Sare za shule zatafutwa chini ya magunia na moja imekwisha kuwa fupi. Mchele umekwisha, sukari imekwisha, mafuta yamebaki kuguswa na kidole. Mtoto wa chuo cha Kurani amesahau alipofikia katika juzuu, na ustadhi hatasahau. Mume asema amechoka na safari, naye apewe maji ya kuoga. Yule mama alikuwa katika safari ile ile, tena na mtoto mapajani. Waswahili twasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hakuwahi kuliweka chini hata siku hizo mbili. Katika nyumba nyingi nizijuazo, ugomvi mkubwa wa mwaka hutokea wiki ya kwanza ya Mfunguo Mosi, na sababu yake haiwi ile inayotamkwa. Chanzo ni sufuria zisizooshwa na usingizi.

Wa pili ni watu wa mahoteli. Hapa Pwani tuna jambo la ajabu: sisi ni mahali pa likizo za watu wengine. Desemba na Pasaka gari la moshi la SGR, lililoanza safari zake mwaka 2017, hushuka limejaa, na Januari hupanda limejaa. Katika siku hizo mhudumu wa Diani, Nyali au Watamu hana ruhusa ya kuomba siku. Wageni wakisharudi makwao kushika kazi zao, naye ndipo aambiwapo aende likizo. Mvua za masika zikianza, mahoteli mengine hupunguza watu au hufunga milango kwa muda, na likizo hiyo mara nyingi haina mshahara. Amerudi nyumbani, ndiyo, lakini amerudi kwa nini? Mwezi Mei 2014, baada ya Uingereza kuonya raia wake na watalii wao kuondolewa Mombasa kwa ndege, wengi walipelekwa katika mapumziko ya namna hii, na wengine hawakuitwa tena. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ikawa vile vile kwa kiasi kikubwa zaidi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia habari za uchovu wa kurudi kazini atakucheka. Yeye auombea.

Kisha kuna fedha, nayo haina maneno mengi. Nguo za watoto, zaka ya fitri, nyama, nauli ya kwenda. Nauli ya kurudi huwa kubwa zaidi kwa sababu wote warudi siku moja, na wenye magari walijua tangu zamani. Idi ikiangukia katikati ya mwezi, mshahara uliokwisha kuombwa mapema umekwisha kuliwa, na mwezi huo huwa na siku arubaini. Duka la mtaani laandika daftarini. Mwaka 2024, kabla watu hawajamaliza madeni ya Idi ya Aprili, mafuriko yalikuja, kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei, na wazazi wakakaa na watoto nyumbani wiki mbili zaidi ambazo hawakuzipangia chakula.

Basi lifanyike nini? Mimi si mbunge, lakini naona mengi hayangoji bunge. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, humpa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye mshahara kila baada ya miezi 12. Yaruhusu siku hizo zigawanywe kwa mapatano, ila sehemu moja iwe ya wiki mbili mfululizo isipokuwa mkataba wasema vingine. Mwenye wiki ya kazi ya siku tano, akitoa wiki mbili hizo, abaki na siku 11. Mwenye ya siku sita abaki na tisa. Hizo zatosha Idi zote mbili na chenji. Katika Idi ile ya Jumatano ya 2024, mfanyakazi wa siku tano aliyechukua Alhamisi na Ijumaa alipata siku tano kwa bei ya mbili: angeliswali Amu, angelizuru watu wake, angelirudi Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili zikawa za kufua, kulala na kulisogeza lile saa la mwilini.

Lakini wengi hatufanyi hivyo. Tukipewa siku tano, twazitia zote katika sherehe, na basi la kurudi ni la Jumapili usiku. Kosa hilo si la mwajiri. Siku ya kurudi yafaa ihesabiwe ndani ya likizo tangu wakati wa kukata tikiti, kama vile twahesabu fedha za nauli. Na kazi za siku hiyo zigawanywe: mwenye mikono ya kubeba mkoba anayo pia ya kuufungua na kutia nguo majini. Hili nalisema kwa wanaume wenzangu, na najua wengi wenu sasa mwageuza ukurasa kutafuta habari za mpira.

Waajiri nao, hasa wa Mombasa, Malindi na Lamu, hawana udhuru wa kushtukizwa na mwezi ambao huandama kila mwaka. Inawezekana kupanga zamu tangu Shaabani: wasio Waislamu washike siku za Idi, nao Waislamu washike za Krismasi na Pasaka. Zipo ofisi ambazo zimefanya hivyo kwa miaka bila ya barua wala kelele, kwa maelewano ya makarani wenyewe, na malalamiko ya uvivu huko sijayasikia. Mikutano mikubwa na hesabu za mwezi zisiwekwe asubuhi ya kwanza baada ya sikukuu. Kwa vibarua, wachuuzi na mama wa mahamri, sheria hiyo ya siku 21 haiwafikii hata kidogo. Wao wasipofanya kazi hawali, na hapo mimi sina dawa ila kuwaomba wenye maduka ya mtaa wasianze kudai madeni siku ya pili ya Mfunguo Mosi.

Ipo sababu ya kulipanga jambo hili mapema. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi yarudi nyuma kila mwaka, ikizunguka kalenda nzima kwa kadiri ya miaka 33. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi mbili za Ramadhani, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, na watu wa makamo wakumbuka jinsi kila kitu kilivyokutana. Kwa hesabu hiyo hiyo, mwaka 2033 utakuwa nazo mbili tena, Januari ikianza na siku chache kabla ya Krismasi. Wakati huo kufunguliwa kwa shule, ada, nauli za Wakenya wote wanaorudi makwao, na wageni waliojaa mahotelini vyote vitaangukia wiki moja na Mfunguo Mosi. Mhudumu wa hoteli Mwislamu ataombwa kazi siku ile ile ambayo mamake amwita Siyu. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa na wenye mahoteli kuandika mikataba, hilo la siku za kwenda na za kurudi liwemo kwa maandishi, likiwa limehesabiwa kwa miezi yote miwili, wa jua na wa angani.